Papi Iliyoitwa Yonasi

26 Mei

Mercy ameondoka mchana na gari la Mbeya. Ameniachia rula, uzi, daftari hili na amri. Kila asubuhi na kila jioni nipime papi zake tatu zimepinda kiasi gani, niandike, kisha niongeze hali ya hewa "na chochote unachokiona, mama." Nimefundisha watoto wa darasa la tatu kuandika mpaka nikastaafu. Mtu akiniambia niandike chochote ninachokiona, ajilaumu mwenyewe.

Basi nianze na papi, vile vipande virefu vyembamba vinavyobeba wavu wa kichanja. Vichanja vyetu vya kuanikia kahawa alivijenga Boazi, mume wangu, kwa mikaratusi ya hapahapa Itaka, na mchwa wamevila kama vile wamealikwa. Mercy, binti yetu wa mwisho, anasomea mambo ya plastiki chuoni. Ameyeyusha madumu na ndoo mbovu, akachanganya na mchanga, akamimina kwenye kalibu, zikatoka papi nyeusi, nzito, ambazo mchwa hatazigusa. Tatu kati ya hizo ameziweka chini ya wavu wa kichanja cha kwanza, mahali pa zile za mti. Anataka kujua zitafanyaje zikibebeshwa kahawa mbichi msimu mzima.

Anasema ukiiwekea mzigo inalegea polepole, na ukiutoa inarudi polepole, na huko kurudi ndiko anakokuita kupumzika. Nikamwambia neno hilo humu ndani lina mwenyewe. Baba yake alipumzika mwaka jana mwezi wa pili, na hakurudi. Mercy akasema hajapata neno jingine.

28 Mei

Baridi. Ukungu mpaka saa nne. Papi zimenyooka kama askari.

Siwezi kupima vitu visivyo na majina, kwa hiyo nimevipa. Yenye plastiki nyingi na mchanga kidogo ni Yonasi, kwa heshima ya shemeji yangu, kaka mkubwa wa Boazi, ambaye naye anapinda mwaka hadi mwaka. Ya katikati ni Dennis, mwanangu wa kwanza. Ile yenye mchanga mwingi, ngumu, isiyojua kuinama, Mercy mwenyewe ndiye aliyeipa jina kwenye simu, akicheka: hiyo ni Marta. Nimekubali. Marta ndiye mimi.

1 Juni

Dennis amepiga simu kutoka Tunduma. Ni wakala wa forodha, kila akipiga nasikia malori nyuma yake yanavyonguruma. Ameuliza afya yangu, ameuliza mgongo wangu, kisha akaja kwenye lake: chumba changu amekipaka rangi.

Niliandike hili mara moja nisilirudie. Tulipomaliza mwaka mmoja wa msiba, kikao cha ukoo kilikaa sebuleni kwangu. Shemeji Yonasi ndiye aliyefungua mdomo. Alisema mjane mmoja hawezi shamba hili, niende Tunduma kwa mwanangu, shamba likodishwe kwa watu wa parachichi, ambao watang'oa mibuni. Dennis akaitikia. Mimi nikaomba msimu mmoja tu. Wakakubaliana: kahawa ikivunwa, ikakauka na kuuzwa vizuri bila mimi kuanguka, nabaki. Ikishindikana, Dennis atakuja kunichukua mavuno yakiisha. Moyoni nilimkasirikia Yonasi na sijaacha hadi leo.

Ndiyo maana jina lake nimeipa ile papi ambayo Mercy anasema itapinda upesi.

5 Juni

Tumemenya kahawa ya kwanza. Jua zuri.

9 Juni

Yonasi (papi) ameanza kuinama. Uzi unaonyesha upana wa ukucha.

Yonasi (mtu) alisimama mbele ya nyumba yake ng'ambo ya kijito, akatazama huku muda mrefu. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, sijui huwa anaona nini. Sikumpungia mkono.

Nilipoinama kupima nilimkumbuka Boazi. Kila mwaka kabla ya mavuno alilala chali chini ya vichanja hivi, nyundo mkononi, miguu tu ndiyo ilikuwa nje. Nikimwita chai, anajibu, "Bado mmoja." Kaka yake akija na kuuliza, "Boazi, umemaliza?", anajibiwa vilevile, "Bado mmoja," hata kama bado kumi. Nilidhani anapiga misumari tu. Nilikuwa nikiona anapoteza muda, na chai ilikuwa ikipoa, na sasa ningeipasha chai hiyo mara mia.

17 Juni

Baridi kali. Papi vilevile.

24 Juni

Jambo la ajabu. Dennis (papi) anainama mchana jua likiwaka, na jioni kukiwa na baridi ananyooka karibu kabisa. Mercy anasema joto linalegeza plastiki, mchanga ndio unaoishikilia isiende mbali. Nimemwambia kaka yake naye yuko hivyo, akiwa na watu anawaitikia wote, akiwa peke yake anarudi kuwa mtoto niliyemzaa. Mercy akasema hiyo hataiandika kwenye ripoti.

Yonasi hatoki alikofika hata usiku ukipoa. Marta hajainama hata kidogo. Nilijisikia fahari, kusema kweli.

2 Julai

Hakuna jipya. Vidole vimepasuka kwa baridi.

13 Julai

Mavuno yamekolea. Wachumaji wamefika watatu, wanawake wa upande wa juu, wanaimba nyimbo za kwaya wakichuma, na mmoja anaimba sauti ya pili niliyokuwa nikiiimba mimi Boazi akiwa upande wa besi. Nimekwenda nyuma ya nyumba kwa kisingizio cha kuni.

Nimegundua jioni kwamba naweka vikombe viwili. Sijui nimeanza lini tena. Nilikuwa nimeacha.

20 Julai

Yonasi aliinama sana siku zile za kwanza, sasa anainama kidogo sana. Mercy amefurahi kuliko inavyostahili, anasema ndivyo ilivyotakiwa: mwanzo upesi, baadaye polepole. Ameniuliza nimejuaje kupima vizuri hivi. Nimemwambia nimefiwa.

3 Agosti

Leo naandika mengi.

Asubuhi nilipima kama kawaida. Marta alikuwa amenyooka, uzi umelala juu yake kama jana na juzi. Tulimwaga kahawa iliyotoka kuoshwa, kichanja kikajaa. Nikaenda jikoni. Sijamaliza kuweka sufuria nikasikia mlio, mkavu, mmoja tu. Nikatoka mbio. Papi ile ngumu ilikuwa imekatika katikati, wavu umechanika, na kahawa yote ya upande ule iko chini kwenye vumbi na kinyesi cha kuku.

Wachumaji walikuwa wamekwenda. Nikapiga magoti nikaanza kuokota. Nilikuwa naokota punje mojamoja kama kichaa, na katikati ya kuokota nikaanza kulia, na kilio hicho hakikuwa cha kahawa. Siku ya kumzika Boazi sikulia. Watu walisema mama Dennis ana nguvu, na mimi nikaona hizo ni sifa, nikazibeba. Leo nimelia nikiwa nimeegemea mguu wa kichanja alichokipigilia yeye, mpaka kuku wakaja kunitazama.

Nimeiosha tena ile kahawa. Nyingi imepona. Iliyoharibika nimeitenga.

Dennis alijua kabla ya jioni, sijui kwa nani. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema tu, "Mama, chumba kipo."

6 Agosti

Mercy amekuja. Amegeuza vipande vya Marta mwangani, akakwangua kwa ukucha pale palipokatika, mchanga ukadondoka. Anasema mchanga ulikuwa na unyevu alipochanganya, plastiki haikuushika vizuri, na tena ulikuwa mwingi mno. Nikamuuliza kwa nini hakuinama kwanza ili nijue.

"Hakuwa na pa kulegea, mama," alisema. "Kitu kikilegea, uzito unapungua ndani yake. Huyu aliutunza wote."

Nilimtazama kama ananisema mimi. Alikuwa anafunga vipande kwenye gazeti, hata hakuinua uso. Mahali pa Marta tumerudisha papi ya mti.

19 Agosti

Jua. Tumegeuza kahawa kutwa.

30 Agosti

Shemeji Yonasi aliniletea ndizi, akaziacha mlangoni, akaondoka bila kuingia. Sijui niandike nini juu ya hilo.

16 Septemba

Mercy amenipa maelekezo ya mwisho. Mchumo wa mwisho uko kwenye vichanja vingine, kwa hiyo niondoe mzigo kwenye zile papi mbili, moja leo na nyingine kesho, niziache zipumzike, na nimjulishe saa niliyoondoa ili aanze kuhesabu. Nimemtumia ujumbe, nikaweka simu kwenye chaji, nikaenda shamba kukagua masalia.

17 Septemba

Mungu anisamehe, na ukoo mzima unisamehe.

Ujumbe wa jana sikuutuma kwa Mercy. Niliutuma kwenye kundi la ukoo. Naunukuu hapa ulivyo:

"Yonasi amepumzika leo saa nne asubuhi. Alikuwa amepinda sana. Nimemtoa mzigo wote, nimemwacha alale. Dennis atafuata kesho."

Mercy alikuwa kwenye mtihani, simu imezimwa. Ya kwangu ilikuwa ndani inalia peke yake. Shemeji hana simu ya kupokea mambo hayo.

Nilirudi kutoka shamba jana alasiri nikakuta uani kumejaa. Wanawake wa kanisa wamejifunga vitenge, kuni zimeshushwa, sufuria kubwa la msiba limekwishainjikwa motoni. Gari la Dennis liko chini ya mikaratusi. Hakungoja kesho. Mama mkwe wake, Restuta, amevuka mpaka wa Zambia kutoka Nakonde na mfuko wa unga kichwani. Waliponiona wakaanza kilio. Walikuja kwangu kwa sababu ujumbe ulikuwa wangu, na ulisema nimemlaza, wakadhani marehemu yuko ndani.

Na mimi, nikiona watu wote wale wanalia, nikajua Dennis amekufa au Mercy amekufa. Dennis nilimwona amesimama, basi nikajua ni Mercy. Nikakimbilia mlango wa nyumba. Restuta akanidaka, akanipigapiga mgongoni na kusema, "Kosa, mama, kosa," na kwao Nakonde neno hilo maana yake ni jipe nguvu, lakini mimi nilisikia kosa la Kiswahili, na kwa kweli ndilo lililokuwepo.

Wakati huohuo Yonasi alikuwa anavuka kijito. Alisikia kilio kwangu, akajua nimekufa mimi. Aliingia uani na fimbo yake, kofia mkononi, machozi yanamtoka, akauliza, "Amekufa saa ngapi?"

 Mwanamke mmoja wa kwaya aliweka chini kuni alizokuwa ameshika na kukaa juu yake.

Nilieleza. Nilieleza vibaya, nikaeleza tena, nikawapeleka mpaka kwenye kichanja nikawaonyesha papi. Restuta akaanza kucheka, kisha wote. Yonasi peke yake hakucheka. Aliinama akaipapasa ile papi kwa kiganja, toka mwanzo mpaka mwisho, pale penye mbonyeo akasimama. "Huyu ndiye mimi," alisema. "Boazi angekuwa ameshamgeuza."

Nikamuuliza kumgeuza vipi. Akashangaa kwamba sijui. Kila mwaka kabla ya mavuno Boazi alikuwa anang'oa papi zilizoinama, anazigeuza mgongo juu, anazipigilia tena, ili mzigo mpya uzinyooshe. Ndicho alichokuwa anafanya kule chini miaka yote, chai ikipoa.

Hapo mvua ikaanza. Mvua, mwezi wa tisa. Wingu lilikuwa limekuja kutoka upande wa Ileje bila mtu kulitazama, na kahawa ya mwisho yote ilikuwa wazi, imekaribia kukauka. Ingelowa ingeota ukungu. Waombolezaji wakageuka kuwa vibarua. Kwaya ilivuta maturubai, Restuta alivua kitenge chake cha juu akafunika kona iliyobaki, Dennis na viatu vyake vya ofisini alikimbia na magunia mgongoni kuingiza sebuleni. Tulilowa wote. Kahawa haikulowa.

Baadaye, watu wakinywa chai ya msiba usio na maiti, Dennis alisema kwa upole mbele ya wote. Aliniambia nitazame mwenyewe: wasingekuwepo watu hawa kwa bahati, leo ningeokoa nini?  Nilitazama kikombe.

Yonasi ndiye aliyejibu.

"Mimi ndiye niliyesema aondoke," alisema. "Kila asubuhi nikitoka nje naona mtu anageuza kahawa kwenye vichanja vya mdogo wangu. Kwa macho haya, naona ni yeye. Nikafika karibu, si yeye. Nikaona heri vikae vitupu. Leo nimevuka kijito nikidhani shemeji amekufa, na sikuona cha kurudia nyumbani." Akapapasa kutafuta kikombe chake, nikamwekea mkononi. "Akienda Tunduma, Dennis, mimi nikifa kweli ni nani atakayetangaza, hata kwa kukosea?"

Dennis alisema tutaona mavuno yakiisha. Restuta ameuacha unga wake hapa, anasema hawezi kuuvusha mpaka mara mbili.

18 Septemba

Nimempumzisha Dennis (papi), nimechelewa siku moja. Nimemwambia Mercy kwa kumpigia, kwa sauti.

22 Septemba

Shemeji amekuja kugeuza kahawa nami. Anageuza vizuri kwa mikono, hahitaji macho. Nimeweka vikombe viwili, na vyote viwili vimetumika.

29 Septemba

Yonasi (papi) alirudi upesi siku ya kwanza, kisha kidogokidogo. Tangu juzi uzi hausemi kitu kipya.

Nimemuuliza Yonasi (mtu) kama siku tukipumzika kweli watu watakuja. Akasema watakuja, ila watauliza kwanza kama ni mtu au ni papi.

8 Oktoba

Kahawa imeuzwa. Wamesema ni safi, wakaniuliza nani aliyechambua. Nikasema sisi.

13 Oktoba

Dennis amekuja na pikapu tupu.

Nilijua maana yake: mavuno yameisha, na kwake yeye papi iliyokatika na mvua ile vilihesabika kuwa kuanguka, hata kama kahawa imeuzwa. Alizunguka nyumba, akatazama paa, akatazama kabati, akaniuliza vitu gani ni vya kwanza kubeba. Niliona amekonda. Nikamwambia anisaidie kwanza jambo moja, vichanja visiachwe hivi. Papi zinahitaji kugeuzwa, na mimi mgongo hauwezi kulala pale chini. Alitaka kusema kitu akaacha. Alivua viatu, akakunja suruali, akachukua nyundo ya baba yake na kuingia chini ya kichanja cha kwanza.

Nilikaa kwenye kigoda. Nilikuwa naona nyayo zake mbili tu, nyeupe chini, vidole vimetawanyika kama vya baba yake, na nyundo ikigonga ndani. Nilizaa nyayo hizo na sikuwahi kuzitazama hivyo.

Yonasi akaja na fimbo yake. Alisimama karibu yangu, akaelekeza uso kule mlio ulikotoka, akainama kidogo. Aliona alichokiona.

"Boazi," aliuliza, "umemaliza?"

Nyundo ikanyamaza.  Yonasi alijisikia mwenyewe alichokisema, nikaona mkono wake unatafuta kitu cha kushika, nikaushika.  Kule chini miguu haikusogea.

"Bado mmoja," alisema Dennis.

Kisha nyundo ikaendelea. Amezigeuza papi moja baada ya nyingine, vichanja vyote, hata zile za mti zilizoliwa na mchwa, mpaka jua likaanza kushuka. Alipotoka alikuwa na vumbi usoni na mistari miwili iliyolowa kwenye vumbi hilo. Aliuliza mwakani zigeuzwe mwezi gani. Nikamwambia wa tano, mwanzoni. Akasema atakuja.

Pikapu imerudi Tunduma na gunia la mahindi na mkungu wa ndizi za baba yake mkubwa.

Kipimo cha mwisho, Mercy: Yonasi hakurudi kunyooka kama mwanzo. Tumemgeuza mgongo juu, atabeba tena.